Kisogo Changu Kilifika Guatemala

Sijawahi kukanyaga Guatemala, lakini ukinishusha leo kwenye stendi ya mabasi ya Antigua nitakuonyesha njia ya kwenda sokoni bila kuuliza mtu. Najua basi la kupanda kwenda ziwani na mahali pa kubadilisha. Najua kwamba miezi ya mvua hunyesha alasiri, kwa hiyo mlima huanzwa asubuhi. Yote hayo niliyajifunza nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya jiji la Durban, shingo imeinama, nywele zinavutwa, na aliyekuwa akizivuta ndiye anayenifanya niandike.

Alikuwa msusi wangu. Mrundi, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mwembamba, vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Saluni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la simu, na hukuhitaji kuelekezwa; ulifuata harufu ya nywele za bandia zinazochomwa ncha. Mwenye saluni alikuwa mama mmoja wa Kikongo ambaye kiti chake kilikuwa mlangoni, ili asipitwe na mteja wala habari. Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa Greyville karibu na uwanja wa mbio za farasi, na nauza dawa kwenye duka la madawa. Msusi wangu alikaa Albert Park. Hatukuwahi kutembeleana. Urafiki wetu wote ulikuwa wa namna moja: mimi nimekaa, yeye amesimama nyuma yangu, na kioo kiko ukuta mwingine kabisa. Tuliongea kwa miaka bila mimi kuuona uso wake anapoongea.

Akimaliza alikuwa na desturi, kama wasusi wote wa pale. Anachukua simu, anapiga picha kisogo chako, anakuonyesha, kisha anaituma huko mtandaoni kutafutia wateja. Uso hapigi. Wateja wengi hawataki nyuso zao zizagae, kila mtu kwa sababu zake, na hakuna anayeuliza. Visogo vyetu vimejaa kwenye simu za wasusi wa Durban, na wenyewe tunavitambua kama watoto wetu.

Safari ilianza na pakiti ya kahawa. Mwajiri wangu aligawa zawadi za mwisho wa mwaka, mimi nikaangukiwa na kahawa ya Guatemala, na kwenye pakiti ilichorwa picha ya ziwa la buluu lenye milima mitatu ya volkano pembeni. Niliibeba hadi saluni tuinywe. Yule Mrundi akainusa, akacheka puani.

"Ya kwetu iko muzuri kupita hii, dada. Wazee wangu walilima. Lakini hii ziwa..." Akachukua pakiti akaiangalia muda mrefu, mkono mmoja bado umeshika kichwa changu. "Hii ziwa inafanana na ya kwetu."

Nikamwambia papo hapo kwamba nitakwenda kuliona. Sijui nilitoa wapi ujasiri, lakini nilipolisema nikajua nalitaka kweli. Kila safari niliyowahi kufanya maishani ilikuwa ya shughuli ya mtu mwingine. Nakwenda Tanga kuzika, nakwenda Tanga kuozesha, sanduku limejaa viatu vya mtoto wa fulani na dawa za presha za mama wa fulani, na kurudi narudi na dagaa wa watu. Nilikuwa naukaribia uzee na sijawahi kupanda ndege kwa kupenda tu. Nilitaka mfuko mmoja mgongoni, ndani yake vitu vyangu peke yangu, na nchi ambayo hakuna mtu wa kunipa kifurushi. Pasipoti ya hapa nilikuwa nayo, niliipata baada ya foleni za miaka, na ilikuwa inaniruhusu kuingia huko bila kuomba viza. Nikanunua mfuko wa mgongoni wa kijani, nikaomba likizo.

Basi tukaanza kupanga. Kila nikienda kusuka nasoma kwenye simu kwa sauti, yeye anasuka na kuhukumu. Naanzia Antigua, mji wa zamani wenye barabara za mawe. Toka hapo napanda mlima, nalala juu, naangalia volkano ya jirani ikitema moto.

"Unalala kwa mulima? Mulima banakula?"

"Unatazama tu, mdogo wangu."

"Eish. Unalipa ndege kwenda kutazama moto. Washa jiko, dada."

Saluni nzima ilikufa kwa kicheko. Yule mama wa Kikongo akauliza kama mfuko nitabeba mwenyewe au nitapata mtu wa kunibebea, nikasema mwenyewe, ndiyo raha yake, na kicheko kikaanza upya. Aliyekuwa nyuma yangu peke yake hakucheka.

"Mie nilibeba ya kwangu nikiwa mutoto," alisema. "Tulipokimbia. Sikusikia raha hata kidogo."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja saizi ya kiatu. Nikaendelea kusoma. Baada ya mlima, ziwa. Nilikuwa nimelitengea usiku mmoja, akakataa katakata. Mtu akifika kwenye ziwa anakaa, alisema, si kupita kama taxi. Nikalipatia ziwa siku tatu na kupunguza mlima, na ukweli ni kwamba hapo ratiba ikawa nzuri zaidi, maana mabasi ya huko yanachosha na nilikuwa nimejipangia kukimbizana nayo. Kutoka ziwani napanda hadi Quetzaltenango, mji wa baridi milimani, halafu nageuza kurudi nilikoanzia.

Siku hiyo ndipo aliponiuliza, "Na mukipotezana, munangojeana wapi?"

"Naenda peke yangu. Nitapotezana na nani?"

"Dada, usicheze. Safari lazima iwe na pahali ya kungojeana. Mama yetu alituambia vile tulipotoka nyumbani: ukipotea, usitafute, enda kwa ziwa ukae. Wote tulionana kwa ziwa. Wote."

Nikasema haya, ziwani basi, kwenye gati la Panajachel pale maboti yanapofunga. Nilisema kumridhisha. Akarudia jina hilo mara kadhaa huku akisuka, mpaka likamkaa mdomoni.

Lazima nieleze jambo ambalo kwetu wahamiaji halielezwi. Safari haitangazwi. Mtu anaweza kula nawe ugali Jumapili, akakuazima pasi, na katikati ya wiki ukapokea picha yake kavaa koti zito mahali penye theluji. Hakuna anayenuna. Kuna anayeogopa kijicho, kuna anayeogopa kuzuiwa, na wengine wanaogopa aibu ya kurudishwa mbele ya waliowaaga. Ukiona kiti cha mtu kitupu unajua, unanyamaza, unamwombea. Na kila mtu pale saluni alijua Guatemala ni nini. Si ziwa wala kahawa. Ni nchi unayoipita kwa miguu na mabasi ukielekea Amerika, na baada yake imebaki Meksiko tu.

Mimi nikawa natangaza. Kwa domo langu lote, kila nikienda, mbele ya wateja. Kwa akili ya pale hakuna mwenye safari ya kweli anayefanya hivyo. Kwa hiyo niliyokuwa nayasema yalikuwa pazia, na nyuma ya pazia kuna safari yenyewe. Kadiri nilivyoeleza kwamba nakwenda kutembea, ndivyo walivyozidi kunisifu moyoni kwa usiri. Hili nililijua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba nimepata mtu wa kupanga naye, na nilifurahi, maana ukiwa mtu mzima ni nadra kupata mwenzio wa upuuzi wako.

Maswali yake yakabadilika na mimi nikayajibu kwa majivuno. Kutoka huo mji wa baridi, mpaka wa Meksiko uko mbali? Si mbali, nikasema, saa chache kwa basi. Mabasi yanasimamishwa njiani? Mtu mweusi wanamwangalia namna gani? Nilikuwa nimesoma kila kitu kilichoandikwa na wasafiri, nikamjibu kila kitu. Vidole havikusimama. Kama ningekuwa nauona uso wake, nadhani ningejua mapema. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na huenda ni kujifariji tu.

Jumamosi ya mwisho alinisuka vizuri kuliko siku zote, misuko myembamba inayokwenda kushoto kisha inazunguka na kukutana chini ya sikio. Alipofika nusu akasukuma kitu kwa mguu hadi mbele yangu. Ulikuwa mfuko wa mgongoni, wa kijani kama wangu, umefungwa, umejaa.

"Niko tayari," alisema taratibu ili wengine wasisikie. "Unaniambia siku tu."

Mwanzoni nilicheka. Halafu vidole vyake vikasimama kichwani mwangu, na kicheko kikanikauka.

"Mdogo wangu, mimi naenda kutembea. Nageuka, narudi kazini."

"Dada. Mie si mujinga."

"Nakuapia Mungu."

"Mutu anafika pale, mulango iko mbele yake, anageuka? Kaka yangu iko Amerika, ananingoja. Karatasi yangu ya ukimbizi ya hapa unaijua, kila mara foleni, kila mara kesho. Nichukue. Sitakusumbua njiani."

Hasira zangu ziko karibu, watu wangu wote wanajua. Kuitwa mwongo ndilo jambo nisiloliweza, na nilikuwa nasema kweli, kweli tupu, tangu siku ya kwanza. Nikamwambia kama anataka kwenda Amerika atafute watu wa Amerika. Mimi nimeomba likizo, sijaomba ukimbizi. Nilisema kwa sauti. Mama wa Kikongo akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Alisuka hadi mwisho, hakukosea hata msuko mmoja. Akapiga picha kisogo changu kama kawaida, akanionyesha.

"Bonne route," akasema, yaani safari njema.

Kabla wiki haijaisha simu ikaja kutoka Tanga: mama yangu amefariki. Sitaandika mengi juu ya hilo. Kila aliye ughaibuni anajua simu ya namna ile. Nilighairi Guatemala nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa, nikanunua tiketi ya nyumbani, na asubuhi yake nikapanda taxi nikaunganishe na gari la uwanja wa ndege. Taxi ikasimama kwenye robot, taa za barabarani kama zinavyoitwa hapa, chini kabisa ya saluni. Taa ilikuwa nyekundu, dirisha la juu lilikuwa wazi, na nilisikia redio yao. Ningeweza kushuka. Ngazi zile huchukua muda wa kupumua mara chache, na ningemwambia tu: mama yangu amekufa, naenda Tanga. Lakini moyo ulikuwa bado mchungu, na nikajiambia nitamwambia nikirudi. Taa ikawa kijani.

Nilikaa Tanga hadi arobaini ikapita. Laini yangu ya Durban ilizimika siku nilipovuka, nikatumia ya nyumbani, na hakukuwa na wa kumpigia zaidi ya mwajiri. Mfuko wa kijani nilikuwa nao. Ndio uliobeba sanda. Kwa hiyo hata huo nao ulikwenda msibani, kama masanduku yote kabla yake.

Niliporudi nilikwenda saluni kabla sijaenda kazini. Nilikuwa nimejiandaa. Ningekaa kwenye kiti, lakini safari hii ningekigeuza nimtazame, nimwombe radhi, nimpe kashata alizonifungia dada yangu. Mama wa Kikongo aliponiona mlangoni akashika kifua.

"Ee! Bamekurudisha?"

"Nani anirudishe? Nilikuwa Tanga. Nimemzika mama."

Akakaa chini polepole. Kwenye kiti cha msusi wangu alikuwa binti mwingine, simjui, anachana nywele za bandia.

"Maman," alisema yule mama, "hatukukuona, simu yako imekufa, hukuaga. Tulijua umetoka. Yule mutoto akasema, dada amenitangulia, ananikasirikia lakini ataningoja. Akakufuata."

Nilisimama na kashata zangu. Nikauliza lini, nikauliza na nani, nikauliza njia gani, na kila swali lilionekana kumuudhi yule mama, maana mambo hayo hayaulizwi. Mwishowe akasema alitoka na kundi, wameanzia Brazili. Namba yake ilikuwa haipatikani. Ilikuwa haipatikani wiki ile, na mwezi ule, na mingine iliyofuata. Usukaji nikauacha, nikazikata nywele fupi. Pale kazini nilipopanga dawa za kuharisha na za malaria kwenye rafu nilikuwa nawaza kama amebeba hata moja.

Kisha siku moja, nikiwa jikoni kwangu nachemsha chai, picha ikaingia kwenye simu kutoka namba ndefu nisiyoijua. Kilikuwa kisogo cha mzungu, nywele za manjano, zimesukwa kushoto, zimezunguka, zimekutana chini ya sikio. Nyuma ya kichwa hicho palikuwa na maji ya buluu na milima mitatu. Sikuhitaji kusoma jina. Nilikuwa nimeinywa kahawa ya picha hiyo.

Nikampigia, mtandao ukakataa. Akatuma sauti, moja baada ya nyingine, na nikazisikiliza nimesimama. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuumwa. Alipita nchi baada ya nchi. Kuna msitu, alisema, na kuhusu msitu hakuongeza neno. Walipoingia Guatemala wenzake walitaka kupita moja kwa moja hadi mpakani. Yeye akashuka. Dada ananingoja kwa ziwa, aliwaambia, tulipatana. Akafika Panajachel, akakaa gatini. Maboti yakija anasimama. Hakuwa na picha yangu ya uso, alikuwa na ile ya kisogo, basi akawaonyesha hiyo wenye maboti, wenye vyumba vya kulala wageni, na kina mama wauza mahindi: mumemuona mwanamke huyu? Nao wanaiangalia picha, wanamwangalia yeye, wanatikisa kichwa. Alidhani nimechelewa mlimani. Alidhani nimebadilisha siku tena, kwa kuwa tulikwisha kuzihamisha mara moja. Alinisubiri hadi wageni wakaanza kumuuliza nani anasuka nywele zake, akaanza kuwasuka. Wenzake walivuka. Kufikia pale alipokata tamaa nami na kuelekea mpakani, mambo ya huko yalikuwa yamebadilika, watu wanarudishwa, hakuna anayepita. Akarudi ziwani kwa sababu ndipo panapojulikana jina lake.

Alisimulia yote hayo bila kunilaumu hata mara moja. Hilo ndilo liliniumiza. Sauti ya mwisho ilikuwa fupi.

"Sasa niambie, dada. Ulipita njia gani? Uko Amerika? Niambie tu, sitakasirika."

Nilikaa. Nilianza kuongea nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Mwishowe nikaandika. Nikamwandikia kwamba niko Durban. Kwamba sikutoka. Kwamba siku nilipopotea mama yangu alikuwa amefariki, nikaenda Tanga kumzika, na taxi yangu ilisimama chini ya dirisha lake sikushuka. Kwamba safari ile ilikuwa ya kutembea tu, ya kwenda na kurudi, kama nilivyomwambia.

Alama mbili zikawa buluu. Nikamwona anaandika, anaacha, anaandika. Chai ilichemka ikamwagika jikoni, sikuinuka.

"Pole sana na mama," aliandika. Halafu, baada ya muda: "Sasa mie nilikuwa namufuata nani?"

Nilimwambia akae hapo hapo gatini. Kesho yake nikaomba likizo.